HABARI USIYOIJUA MWANZO WAKE

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Waislamu wa Likasi,

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamuru tuchunguze habari kabla ya kuifuata. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba iliteremka kwa sababu ya al-Walid bin Uqba. Alitumwa kwa Banu Mustaliq kuchukua zaka, akarudi njiani kwa hofu, akasema wamekataa kutoa. Kidogo iwe vita.

Sasa nisikilizeni, kwani kosa hili nimelifanya mimi imamu wenu. Mwezi uliopita nilipokea katika simu sauti ya mtu asiyejitaja, akisema watu wa Kasai wameshuka stesheni usiku, wanaiba watoto. Nikaituma katika grupu ya WhatsApp ya wazazi wa madrasa. Nilidhani ninalinda watoto. Kesho yake watoto watatu hawakuja: ni wa mama mmoja Mkasai, wa hapa Kikula, aliyeogopa kuwapitisha njiani. Sauti ile ilimfikia na yeye, kutoka kwangu.

Nilimuuliza aliyenitumia, naye aliipata kwa mwingine, na huyo mwingine hakujua ilikotoka. Nikasema katika grupu kwamba nimekosea. Lakini wengine walikwisha kuipeleka mbele, na masahihisho yangu hayakuifuata.

Sisi wazee wa Likasi hatuna udhuru. Mwaka 1992 mambo hayakuanza kwa panga, yalianza kwa maneno. Watu wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, hata jirani akamfukuza jirani. Nilikuwa kijana, niliwaona kwa maelfu wamelala stesheni wakingoja treni, na watoto wakifa kwa maradhi. Na wakati ule hatukuwa na simu mkononi.

Basi sauti isiyo na jina la msemaji, siku wala mahali, usiipeleke. Muulize aliyekutumia: umeona mwenyewe? Akisema hapana, ikomee kwako. Akina mama, msione haya kumuuliza hata imamu. Na namba ikikuomba pesa kwa jina langu, njoo kwanza msikitini. Mimi huomba mbele ya watu, mnanijua.

Baada ya swala ya leo ninakwenda kwa mama yule kumuomba msamaha mbele ya watoto wake. Anayetaka kufuatana nami, tukutane mlangoni.

Wassalaam.