Muadhini Hajinadi Nafsi Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu Waislamu wa Majengo, Songea, na kila atakayefikiwa na waraka huu: jueni ya kuwa amali ya siri ina fadhila kubwa. Mwenyezi Mungu amefundisha katika Sura ya Bakara, Aya ya 271, ya kuwa sadaka ya dhahiri ni njema, na ikifichwa wakapewa mafakiri ni bora zaidi.

Imepokewa khabari ya Ali bin Huseni, Zainul Abidina, mjukuu wa Sayyidna Ali: huko Madina alikuwa akibeba magunia ya unga mgongoni usiku, akiyapeleka majumbani mwa mafakiri, nao hawamjui. Alipokufa, chakula kile kikakatika. Na waliomwosha wakaona alama mgongoni mwake. Ndipo siri ilipojulikana.

Leo gunia limekuwa simu. Akitokea mtu wa Majengo akasomesha tajwidi, akaitia sauti yake katika simu, akaipeleka mtandaoni bila ya jina, akaisikiliza mama wa Tunduru aliyekosa mwalimu, basi huyo naye amebeba unga usiku. Lakini atauliza: "Nikinyamaza kabisa, mwenye haja atajuaje? Na nikitangaza, je, si riya?"

Jawabu: na amtazame muadhini. Hupaza sauti mji mzima ukasikia, wala hapana amwitaye mwenye riya. Kwa sababu hunadi Sala, hajinadi nafsi yake. Akiisha, huingia safuni pamoja na watu. Basi naye na aseme: hapa pana darsa, ni ya juzuu fulani, haina malipo. Awaambie waalimu wa vyuo na wazee wa misikiti, mara moja au mbili, kisha anyamaze. Asihesabu wasikilizaji kila saa kama mchuuzi ahesabuye senti. Wala asiiache kazi kwa kuogopa maneno ya watu, kwani Fudheli bin Iyadhi alionya ya kuwa kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riya.

Lakini kuficha jina si kuficha asili ya ilimu. Wanavyuoni huuliza: haya yamepokewa kwa nani? Basi na akitaje kitabu alichosomea, na amsikilizishe sheikh wake kabla ya kueneza. Maana kosa lisilo na mwenyewe halina wa kulirudisha.

Tena nafsi ina hila. Huweza kutaka kusifiwa kwa kule kutojulikana. Kipimo ni hiki: Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra, alitamani watu wajifunze ilimu yake bila ya kunasibishwa kwake hata herufi moja. Basi darsa ile ikienea kwa jina la mwingine, moyo wa mwenyewe utafurahi au utaungua? Ukifurahi, amshukuru Mola wake. Ukiungua, asiivunje kazi; na aitengeneze nia, aendelee.

Mwenyezi Mungu azitakabali amali za siri na za dhahiri, na azihifadhi na riya. Amin.