PINI ILIYOGANDA

Masomo: Isaya 1:5-6, Waebrania 3:12-13

  

Mwezi uliopita tulikwenda Bujumbura kwa shughuli za kanisa. Kijana wetu mmoja aliyepata ruhusa ya kukaa mjini sasa anajifunza kazi kwa mafundi wa Buyenzi, na alituomba twende tukaione kazi yake. Tulimkuta katika kiwanja kimoja karibu na ziwa, mbele ya katapila la kuchimbia. Mnakumbuka kwamba mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda sana, yakaingia katika nyumba na viwanja vya ufukoni. Mashine ile ilisimama katika maji na matope hayo. Maji yaliposhuka, mwenyewe hakuja kuitazama. Sasa amepata kazi ya kuchimba mitaro, anaitaka mashine yake, nayo haikunji mkono.

Kwa wale wasiojua, mkono wa katapila umeungwa na ndoo yake kwa pini, yaani chuma cha mviringo kinene kama mkono wa mtu. Mafundi wa Bujumbura hukiita aksi. Pini hupita katika tundu, na kati ya pini na tundu huwekwa grisi ili viungo vicheze bila kusagana. Grisi ikiisha, maji huingia, na kutu huota. Fundi alitueleza jambo ambalo hatukulijua: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo hujaza tundu na kubana, hata vyuma viwili vikawa kama kimoja. Hakuna aliyevichomelea. Vimeachwa tu.

Kijana wetu alikamata nyundo kubwa, akainua. Fundi mkuu, mzee wa Kiislamu mwenye mvi, akamshika mkono, akasema, "Mwanangu, usipige. Ukipiga sasa, kichwa cha pini kitatanuka kama uyoga, na haitapita tena tunduni." Kisha akatugeukia, "Pasta, vijana wote huanza na nyundo."

Wapendwa, neno lile lilituchoma. Tumehubiri miaka mingi, na mara nyingi tumeanza na nyundo. Tumesimama mimbarani tukawaambia watu "sameheni," tukapiga, tukapiga tena, na mioyo ikatanuka kama uyoga. Tulikaa pale siku mbili tukimwangalia mzee yule. Hapa tunawaandikia tulichojifunza.

KWANZA, ALIONDOA UZITO. Ndoo ya katapila ilikuwa inaning'inia, na uzito wake wote ulilala juu ya pini. Mzee alisema kwamba pini yenye mzigo haitoki, hata ukiipiga siku nzima. Wakapanga magogo chini ya ndoo, wakaweka jeki, wakainua polepole mpaka uzito ukahama. Ndipo wakafungua boliti inayoizuia pini isitembee. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na mtu apitaye angesema hawajafanya lolote.

Ndugu, kuna watu kati yetu tunaowaita wagumu, kumbe wamelemewa. Mama aliyelala na watoto wanne bila kula, asubuhi unamwambia apatane na jirani yake. Baba anayengoja jibu la karatasi zake miaka na miaka, unamwuliza kwa nini haji maombini. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba tuchukuliane mizigo, na kwamba hivyo ndivyo tunavyoitimiza sheria ya Kristo (Wagalatia 6:2). Weka gogo chini ya ndoo kwanza. Mchotee mama maji. Mshikie mtoto. Maneno yatafuata.

PILI, ALITIA MAFUTA, AKANGOJA. Walikwangua matope, wakatafuta lile tundu dogo la kupitishia grisi. Lilikuwa limeziba, wala halikuzibwa na mchanga. Grisi ya zamani ndiyo iliyokauka humo ikawa ngumu kama udongo, hata grisi mpya isipate njia. Kitu kilichowekwa kulainisha ndicho kilichoziba! Hapo tuliwafikiria Wakristo wa zamani kama sisi. Ushuhuda wetu wa miaka ishirini iliyopita ulikuwa mzuri, lakini umekauka tunduni. Tunasema, "Sisi tuliokoka zamani," na neno la leo halipati pa kupita.

Baada ya kuzibua, walichanganya mazutu na mafuta ya injini, wakamimina pande zote mbili za pini, wakarudia jioni, wakaenda kulala. Mafuta hayana kelele. Hupenya polepole katika ufa usioonekana kwa macho. Nabii Isaya alipolitazama taifa lake aliona mwili wenye majeraha kutoka unyayo hata kichwa, ambayo hayakufungwa wala kulainishwa kwa mafuta. Angalieni kwamba pamoja na dhambi ya Israeli, nabii aliona pia jeraha lisilohudumiwa. Naye yule Msamaria wa Luka 10 hakuanza kwa kumwuliza mtu wa njiani amewasamehe wanyang'anyi au la. Alimwaga mafuta na divai.

Kati yetu wako waliopoteza ndugu kule Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, walipouawa wakimbizi zaidi ya 150 katika kambi ya muda. Wako waliopoteza watu wao Uvira, Fizi, Minembwe na barabarani, wa kabila hili na wa kabila lile. Hatutawaambia wapendwa hawa kwamba mpaka Jumapili wawe wamemaliza. Tunawaambia: mafuta leo, mafuta kesho. Mungu hana haraka kama ya kijana mwenye nyundo.

TATU, ALIWASHA MOTO MAHALI PANAPOFAA. Siku ya pili mzee alileta moto wa gesi. Sisi tulidhani ataichoma pini. Hapana. Alichoma chuma cha nje, kile kinachoizunguka pini. Chuma kikipata moto hutanuka. Ukiichoma pini, itanenepa na kubana zaidi. Ukichoma kinachoizunguka, tundu hupanuka na pini hupata nafasi. Tena, kabla ya kuwasha, alihakikisha tundu la grisi liko wazi, kwa sababu grisi iliyofungiwa ndani ikipata moto hutafuta njia kwa nguvu, hupasuka na kumwunguza fundi.

Ni mara ngapi tumewasha moto juu ya mtu aliyeganda! Tunamsema katika kikao, tunamsema katika maombi kwa kufumba, na tunashangaa anazidi kubana. Labda ni sisi tunaomzunguka tunaohitaji moto. Kanisa likipata moto wa Roho Mtakatifu, likapanuka, likampa nafasi, atasogea mwenyewe. Na kabla ya moto, fungua tundu. Mwache mtu aseme yaliyo ndani yake, hata kama yana harufu mbaya. Aliyefungiwa maneno yake atapasuka siku moja, na atamwunguza aliye karibu. Kitabu cha Yeremia kinalifananisha Neno la Mungu na moto na nyundo (Yeremia 23:29). Tazameni kwamba moto umetajwa kwanza, nyundo baadaye.

NNE, ALIIZUNGUSHA KABLA YA KUITOA. Hapo ndipo nyundo ilipopata kazi. Lakini mzee hakutaka chuma kigonge chuma, kwa sababu vipande huruka na kupofusha watu. Aliweka kipande cha shaba katikati. Kwanza waliibana pini kwa wenzo mrefu, wakaizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Ililia kama mlango wa zamani. Kijana wetu akapiga kelele, "Imesogea!" Tulipoinama kuangalia, ilikuwa imesogea upana wa ukucha. Mzee akasema, "Alhamdulillahi. Kilichosogea ukucha kitatoka." Mpaka alasiri ilikuwa nje.

Wapendwa, si haki tuwaandikie habari za pini za wengine tukaficha ya kwetu. Mwezi wa Juni 2004 tulipokimbia kutoka Uvira, jirani yetu alikuwa na mtumbwi. Tulimwomba amchukue mama yetu mzazi, ambaye miguu ilikuwa imevimba. Alipakia magunia yake na mbuzi, akasukuma majini. Mama alikuja kwa miguu kwa siku kadhaa, akafika Burundi mgonjwa, na mwezi wa pili tukamzika. Mtu yule baadaye alirudi Kongo. Mwaka 2025, makumi ya maelfu ya watu walipovuka tena Rusizi, naye alivuka, na siku moja tukamwona ameketi benchi la nne katika kanisa letu.

Tumempa Meza ya Bwana mara nyingi. Tumemtazama mkono unaopokea mkate, hatujamtazama uso. Mbele yenu tulikuwa mchungaji, na ndani tulikuwa katapila lile.

Tuliporudi kutoka Bujumbura tulikwenda kwake. Hatukutaja jambo. Tulimpelekea unga wa muhogo kidogo, tukazungumza habari za mvua. Juma lililofuata tulikwenda tena. Mara ya tatu, tukiwa tumeketi kimya, alisema bila kuinua macho, "Mchungaji, mtumbwi ule ulikuwa unavuja." Hatujui kama ni kweli. Usiku ule hatukulala. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini lile neno halikuwa limetamkwa, na sasa limetamkwa. Pini imesogea upana wa ukucha. Tuombeeni.

MWISHO, GRISI YA KILA SIKU. Tulimwuliza mzee, pini hii sasa itadumu? Alijibu kwamba ataiwekea bushi mpya, lakini akiambiwa achague kati ya bushi mpya na mtu wa kutia grisi kila asubuhi kabla ya kazi, atamchagua mtu wa grisi. Mwandishi wa Waebrania anafundisha vivyo hivyo: tuonyane kila siku, maadamu inaitwa leo, ili asiwepo kati yetu wa kufanywa mgumu. Hakusema kila mkutano mkubwa wa injili. Alisema kila siku.

Katika ziwa hili hili kuna ushahidi wake. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, isichukuliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, baada ya miaka mingi chini ya maji, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Meli hiyo ndiyo iliyowarudisha Kongo maelfu ya wakimbizi mwaka 1997, na mwaka 2015 iliwachukua Warundi waliokuwa wamekwama Kagunga ikawafikisha Kigoma. Wazee wengine hapa kambini waliipanda.

Sisi hatukupewa muda wa kujipaka grisi kabla ya kuzama. Tulizama usiku, na watoto mgongoni. Ndiyo maana kazi yetu sasa ni ya taratibu. Lakini watoto wetu tunaweza kuwapaka. Usimwambie mtoto wako, "Usicheze na wale, baba zao walitufanyia hivi." Hiyo ni kutu unamrithisha. Mwambie ukweli wa yaliyotupata, asije akadanganywa, kisha omba pamoja naye na umtume akacheze. Hatujui maji yatapanda lini tena. Yakipanda, yawakute wamepakwa.

Ndugu msomaji, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tuna Meza ya Bwana. Kabla ya siku hiyo tunakuomba jambo moja dogo. Kumbuka mtu mmoja ambaye jina lake likitajwa unabana. Usiende na nyundo. Uliza ana mzigo gani, na uweke gogo moja chini yake. Kama huwezi kwenda kwake, taja jina lake mbele za Mungu jioni, hata kama huna neno lingine la kuongeza. Hayo ni mafuta. Kesho yake, ongeza.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeahidi kwa kinywa cha Ezekieli kuondoa moyo wa jiwe na kutoa moyo wa nyama, tumeachwa mvuani muda mrefu, na mengine tumejiacha wenyewe. Ondoa uzito. Zibua palipoziba. Tupanue sisi tunaowazunguka ndugu zetu. Utusogeze, hata kama ni upana wa ukucha. Katika jina la Yesu, Amina.

Ni sisi ndugu yenu na mkimbizi mwenzenu,
Mchungaji wenu