Dusumali na Ukaya: Pambo, Cheo na Dhima ya Mhakiki

Je, ni haki mhakiki alisome neno la urembo kama urembo tu? Swali hili tunalichunguza kwa kurejelea neno dusumali. Kamusi hulifasili kuwa kitambaa cha hariri ambacho wanawake hujifunga kichwani. Asili yake ni Kiajemi, dastmal, yaani kitambaa cha kufutia mikono. Waswahili walilipandisha kutoka mkononi hadi kichwani, na aghalabu msomaji hulichukulia kuwa ishara ya uzuri wa mwanamke, basi.

Fasili hiyo ni ya kweli, lakini ni pungufu. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, alishikilia kuwa thamani ya neno hutokana na uhusiano wake na maneno jirani. Jirani wa dusumali ni ukaya: kitambaa cha pamba, aghalabu cha buluu, kilichofunika vichwa vya wajakazi na mafukara katika Unguja ya karne ya 19, ncha zake mbili ndefu zikining'inia. Katika jamii hiyo vazi lilitangaza cheo kabla ya mvaaji kutamka neno. Hariri ya bibi ilisomeka vyema kwa sababu mjakazi wake alikuwa kando yake na ukaya wake.

Huenda ikadaiwa kuwa hoja hii inamdhulumu mvaaji. Kwamba mwanamke hujipamba kwa furaha yake, na kumtwika dhambi za tabaka ni kumpuuza yeye mwenyewe. Dai hili lina uzito. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, ijapokuwa masuria walisubiri hadi 1909. Wanawake waliopata uhuru waliiacha kaniki, wakajitanda kanga na, baadaye, buibui. Pambo hawakulikataa, walilidai, na kwa kulidai walitangaza kuwa wao pia ni waungwana. Hata hivyo, tendo lao linaithibitisha hoja yetu: walijua vyema kuwa kunyimwa pambo kulikuwa kuvunjiwa heshima.

Kwa hiyo, mhakiki hana haja ya kuulaani uzuri. Wajibu wake ni kuuliza, kila dusumali inapotajwa katika utungo, ni kichwa cha nani kisichotajwa. Hali kadhalika, kamusi inayolifasili neno hili ingefaa imrejeze msomaji kwenye ukaya.