Tusimfundishe Mtoto Uongo Mlangoni mwa Skuli

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Amma baad:

Ndugu yetu mmoja, mwana wa mji huu, ambaye kazi imempeleka Lodwar katika nchi ya Turkana, ametuletea barua yenye suala, nasi tumeisoma mbele ya wanadarsa wote. Na kwa kuwa jambo lenyewe haliko Lodwar tu, bali liko Mombasa, Malindi na Lamu vilevile, tumeona ni wajibu tulijibu hapa.

Ndugu huyu ana mwana wa miaka mitano. Ataka kumtia darasa la kwanza katika skuli ya kulipia mwezi wa Januari. Skuli yapokea aliyetimiza miaka sita, na kabla ya kumpokea humwita mtoto na mzazi wake kwa mahojiano. Rafiki zake wakamwambia: "Mfundishe aseme ana sita, na cheti cha kuzaliwa kitatafutiwa njia." Basi kila jioni akawa amfunza mtoto herufi na majibu ya Kizungu, hata darsa ya Kurani baada ya Magharibi ikaachwa. Usiku mmoja mtoto akamwuliza: "Baba, na Babu akiniuliza, nimwambie miaka mingapi?"

Asema ndugu yetu kwamba tangu usiku ule hana raha, na ndipo akatuandikia.

Jawabu yetu ni hii. Kwanza, hatumlaumu kwa kutaka skuli nzuri. Wako wazee wetu walioziogopa skuli, wakadhani ilimu ya dunia ni adui wa dini, na hasara yake twaijua. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah aliloanzisha Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasibaki nyuma katika ilimu. Na kabla yake twapata mfano mkubwa zaidi: imepokewa kwamba katika mateka wa Badri, waliojua kuandika na hawakuwa na mali walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Ikiwa Mtume (S.A.W.) alikubali watoto wa Kiislamu wafundishwe kuandika na mateka wa vita, nani atakataa mtoto kufundishwa hisabu?

Lakini kutaka jambo jema hakuhalalishi njia mbaya ya kulifikia. Abu Daud amepokea habari ya Abdallah bin Amir, kwamba alipokuwa mtoto mamake alimwita, akamwambia aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwamo nyumbani mwao. Mtume akamwuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu: tende. Mtume akamjulisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Fikirini, ndugu zangu! Hilo ni neno la mama la kumwita mtoto, na tende hazina thamani kubwa. Itakuwaje baba amfundishapo mtoto uongo siku baada ya siku, akamsahihisha akisema kweli, akamsifu akisema uongo?

Na mtoto amekwisha kufahamu zaidi ya alivyofunzwa. Suala lake la usiku ule lina maana hii: yako maneno ya kuwaambia watu wa skuli, na yako maneno mengine ya kumwambia Babu. Hiyo ndiyo ilimu ya kwanza aliyoipata, kabla hajavaa sare.

Pili, natutazame kama haja yenyewe ipo. Katika mtaala wa Kenya mtoto husoma chekechea miaka miwili, kisha huingia darasa la kwanza apatapo miaka sita. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imezikataza skuli za umma kumpa mtoto mtihani ili akubaliwe, ila kwa kujua darasa limfaalo. Basi mwaka mmoja wa kungoja si msiba. Mtoto aingiaye kabla ya wakati wake huwa mdogo kuliko wenziwe wote, na huenda akabeba uzito huo miaka mingi kwa sababu ya haraka ya babake.

Tatu, ni yapi basi maandalizi ya haki? Luqmani alipomuusia mwanawe alianza na kumpwekesha Mungu, kisha akamtajia Sala, subira, unyenyekevu na kuteremsha sauti. Mtoto ajue kujitahirisha, kuosha mikono, kutaja jina lake na la babake, kuomba msaada, na kusema "sijui" pasina hofu. Darsa ya Magharibi irudi mahali pake. Na mzazi naye ajiandae: aulize kama skuli imesajiliwa na walimu wake wamesajiliwa. Kwa kuwa skuli nyingi za Turkana zimeasisiwa na misheni, aulize waziwazi mtoto wa Kiislamu atakuwa wapi wakati wa ibada ya wenziwe. Katiba ya mwaka 2010 yakataza mtu kulazimishwa jambo lililo kinyume cha dini yake. Atazame njia pia, kwani mito ya mchanga ya Lodwar hukaa mikavu miezi mingi, na mvua ikinyesha maji hushuka ghafla. Na karo isitoke katika mkopo wa riba.

Kadhalika tumesikia ya ndugu walioko Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, wanaotaka kuwaacha watoto wadogo katika nyumba za watu ili wasome mjini. Mtoto wa umri huo amhitaji mamake kuliko jina la skuli. Na huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ipo tangu mwaka 1992, wako mayatima wa Kiislamu katika madarasa yaliyosongamana. Mwenye uwezo wa kulipa karo ya mwanawe amnunulie jirani yatima japo madaftari.

Basi ndugu yetu, mwite mwanao umwambie: "Nilikosa. Una miaka mitano, na hivyo ndivyo utakavyomwambia Babu, na mwalimu, na kila akuulizaye." Usione haya. Mtoto aliyemwona babake akirudi kwenye kweli amepata somo lisilouzwa katika skuli yoyote. Kisha mpeleke skuli mwaka ufuatao, kwa cheti chake cha haki.

Nasi tulioko huku pwani tujiulize: wangapi katika sisi tumepunguza au tumezidisha miaka ya watoto wetu, tukaiita werevu?

Mwenyezi Mungu atutengenezee vizazi vyetu. Wallahu aalam.