Chungu cha Elisha na Supu ya Mgonjwa

Somo: 2 Wafalme 4:38-41



Padri ameniomba niandike maneno machache kwa ajili ya Siku ya Mtakatifu Luka, tarehe 18 Oktoba. Huyu Luka ndiye ambaye Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wakolosai, anamtaja kuwa ni tabibu. Mimi si mhubiri. Kwa miaka mingi nilikuwa mkufunzi wa Sayansi Kimu katika chuo cha ualimu, na hata baada ya kustaafu mikono yangu haijaacha kunuka vitunguu. Basi nitasema habari za chungu, maana ndizo ninazozijua.

Tusome kwanza habari za Elisha. Alifika Gilgali wakati wa njaa, akamwagiza mtumishi wake aweke chungu kikubwa motoni awapikie wana wa manabii. Mmoja wao akatoka kwenda kutafuta mboga, akakuta mmea wa porini wenye matunda mfano wa matango. Akachuma, akajaza nguo yake, akarudi, akayakatakata na kuyatia chunguni. Hakuna aliyeyajua. Wataalamu wengi wa Biblia hudhani kuwa yalikuwa yale matunda machungu ya jangwani ambayo huharisha vibaya sana. Watu walipoanza kula wakapaza sauti kwamba ndani ya chungu mna kifo. Elisha akaomba unga, akautia, akaagiza watu wapakuliwe; wala hapakuwa tena na dhara lo lote.

Ndugu zangu, yule aliyechuma hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa njaa, naye aliwahurumia wenzake, akaenda kwa miguu yake na kurudi na mzigo. Alikosa kitu kimoja tu, kujua. Na huruma yake yote haikuweza kuiondoa sumu ile.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Hapa Mpuguso, na Tukuyu yote, Mungu ametujalia mvua na udongo mzuri. Ndizi tunazo, viazi mviringo tunavyo, maharage na mboga za majani tunazo. Mchaichai waota nyuma ya jiko. Miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani, hakuna nyumba isiyotafuta kitu cha moto cha kunywa. Na mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, nyumba zetu zilijaa harufu ya tangawizi, malimau na majani ya mkaratusi. Ndugu zetu wa Kilimanjaro humpikia mzazi mtori wa ndizi na nyama. Wenzetu wa pwani humpa uji wa pilipili manga. Kila kabila lajua kwamba mtu aliye dhaifu hupikiwa. Ni jambo jema. Hata Bwana Yesu, alipomfufua binti Yairo, aliwaambia wazazi wampe chakula. Katikati ya mwujiza ule mkubwa alikumbuka kwamba mtoto ana njaa.

Nitawaeleza supu niipikayo mimi. Chukua nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kilo moja, au nusu ya kuku wa kienyeji. Weka katika sufuria pamoja na lita tatu za maji, uiache ichemke kwa moto mdogo mpaka nyama ilainike kabisa. Tia kitunguu maji kimoja, karoti mbili, viazi vitatu au ndizi mbichi nne, na konzi mbili za maharage yaliyokwisha kuiva. Tia kijiti cha mdalasini na pilipili manga kidogo. Karibu na kuepua, tia tangawizi iliyopondwa, kiasi cha kidole gumba, punje nne za kitunguu saumu, na mboga za majani zilizokatwa. Ngoja dakika tano tu, kisha epua na kukamulia limau. Chumvi iwe haba, hasa kwa mwenye shinikizo la damu.

Katika supu hiyo mna vyakula vya kujenga mwili, ndivyo nyama na maharage. Vya kutia nguvu, ndivyo ndizi na viazi. Na vya kulinda mwili, ndivyo majani, karoti na limau. Tangawizi husaidia kutuliza kichefuchefu, na hilo ni msaada mkubwa kwa mtu anayemeza vidonge vingi. Harufu ya viungo humwamshia mgonjwa hamu ya kula. Lakini nawaonya juu ya desturi moja. Mara nyingi twampa mgonjwa yale maji, na nyama yenyewe twaila sisi wazima, tukisema nguvu yote imekwisha kuingia katika mchuzi. Sivyo. Sehemu kubwa ya kujenga mwili imebaki katika nyama. Isagesage au uichambue nyuzi nyuzi, umpe mgonjwa.

Sasa nina jambo la kuungama mbele yenu.

Mwaka 2012 mdogo wangu alipatwa na kifua kikuu. Akapimwa makohozi, akaanzishiwa dawa za miezi sita, nazo alipewa bure kama ilivyo kawaida katika nchi yetu. Nikamchukua akae kwangu. Kila siku nilimpikia supu hiyo niliyoieleza, na kila asubuhi alimeza vidonge vyake mbele yangu. Baada ya miezi miwili kikohozi kilikoma. Mashavu yakajaa. Akaanza kutembea mpaka barabarani na kurudi.

Siku moja majirani walikuja kumwona, wakastaajabu. Naye akawaambia, "Si vidonge vile. Ni supu ya dada. Dada ndiye aliyeniponya." Wote wakanigeukia na kunisifu. Mama mmoja akaniomba nimwandikie mapishi yale.

Ndugu zangu, mimi nilijua. Nilikuwa mwalimu. Nilijua kwamba kifua kikuu ni vijidudu, ambavyo daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alivitambua mwaka 1882, na kwamba hakuna tangawizi wala kitunguu kinachoweza kuviua ndani ya mapafu ya mtu. Nilijua kwamba dawa za miezi miwili ya kwanza huua vijidudu vilivyo vingi, na miezi minne inayofuata ni ya kuwatafuta waliojificha. Mgonjwa hujisikia mzima kabla hajapona. Yote hayo niliyajua, nikatabasamu, nikanyamaza. Ilikuwa tamu kusifiwa.

Wiki chache baadaye akarudi kwake. Hakuchukua dawa tena. Alisema anaondoka na mapishi, inatosha. Nami sikumfuata.

Mwaka uliofuata akaanza kukohoa damu. Akaanzishiwa matibabu upya, safari hii miezi minane, na miezi miwili ya kwanza alichomwa sindano kila siku. Na mjukuu wake, mtoto wa miaka minne aliyelala chumba kimoja naye, naye akakutwa na ugonjwa ule ule, akameza dawa miezi sita, mtoto mdogo vile, akilia kila asubuhi. Mungu ni mwema, wote wawili walipona. Lakini mdogo wangu kifua chake hakikurudi kuwa kama zamani. Yeye aliyekuwa akipanda kilima na tenga la chai mgongoni, sasa hupumzika mara mbili akitoka kisimani.

Nimejiuliza mara nyingi kosa langu lilikuwa wapi. Supu haikuwa na kosa. Ilimpa nguvu ya kustahimili dawa, na wauguzi wenyewe waliniambia niendelee kuipika. Kosa langu ni kwamba niliiachia supu ipokee sifa isiyokuwa yake, kwa sababu sifa ile ilinifikia mimi. Wale wana wa manabii walipoonja hatari walipaza sauti, ingawa walikuwa na njaa, ingawa mwenzao alijitaabisha kuchuma, ingawa mpishi angeona aibu. Mimi niliionja hatari katika maneno ya mdogo wangu, wala sikupaza sauti.

Kwa hiyo nawasihi mambo haya.

Kwanza, tujue kile tunachokitia chunguni. Mungu ameweka dawa katika mimea, hilo ni kweli. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, twafundishwa kwamba dawa zatoka ardhini kwa kazi ya Mungu, na kwamba mgonjwa na asali, atubu, kisha amwachie tabibu nafasi yake. Angalieni, kitabu hicho hakitenganishi sala na tabibu. Nabii Isaya naye aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, baada ya Mungu kuisikia sala yake. Siku hizi dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria ina kitu kilichotolewa katika mmea wa pakanga wa Uchina, na Bibi Tu Youyou aliyekigundua alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini watu walikichambua, wakakipima, wakajua kiasi gani huponya na kiasi gani hudhuru. Mizizi inayouzwa mnadani bila jina wala kipimo ni kama yale matango ya Gilgali. Tusimtilie mgonjwa, wala mama mjamzito, wala mtoto. Hata vitunguu saumu vingi si vyema kwa anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Mwulize mganga wa zahanati bila haya.

Pili, mtu aliyeandikiwa dawa za kifua kikuu, au za kufubaza virusi vya UKIMWI, au za sukari, au za shinikizo la damu, asiziache kwa sababu amejisikia nafuu, wala kwa sababu ya supu ya mtu ye yote, hata ikiwa ni yangu. Na ukimwona jirani yako ameziacha, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mwenye kidomodomo.

Tatu, chungu kisimwagwe. Elisha hakumkemea yule aliyechuma, wala hakuwaambia watu walale na njaa. Alitia unga, watu wakala. Baada ya yale yaliyotupata nilitaka kuacha kabisa kupikia wagonjwa. Mdogo wangu ndiye aliyenikataza. Alikuja kwangu akiwa katikati ya zile sindano, akaketi jikoni, akasema, "Dada, nimekuja na vidonge vyangu mfukoni. Supu iko wapi?" Nikaingia chumbani nikalia kwanza, kisha nikawasha moto.

Tangu siku ile, kila nipelekapo supu kwa mgonjwa, kabla sijapakua humwuliza kama amemeza dawa zake leo. Wengine hunicheka na kuniita mwalimu hata jikoni. Sikasiriki. Nawaomba akina mama wa kanisa letu, nanyi akina baba mwezao kupika, tufanye hivyo katika kuwatembelea wagonjwa wiki hii ya Mtakatifu Luka. Tupeleke chakula, tusali pamoja nao, na tuulize habari za dawa. Yote matatu ni kazi ya Bwana mmoja.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyeotesha majani ya shamba na kuwapa watu akili ya kuyachunguza, uwabariki wanaopika na wanaotibu. Utusamehe kwa kila mara tulipopenda sifa kuliko uhai wa ndugu zetu. Utupe ulimi wa kusema kweli kwa upendo, na mikono isiyochoka kuhudumia. Uwaguse wagonjwa wa mtaa wetu, mmoja mmoja kwa jina lake. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.