Mabinti Watano Mlangoni pa Hema

Andiko: Hesabu 27:1–7; Luka 3:14; Yeremia 29:7



Wiki hii tuongee kuhusu jambo ambalo tunaliombea sana lakini hatulifuatilii: leseni za baa. Hakuna mkesha unaopita bila mtu kusimama na ombi kuhusu baa iliyo karibu na shule. Tunakemea, tunafunga, tunafungua. Kesho yake jioni mwenye baa anafungua mlango kama kawaida, na leseni imetundikwa ukutani, ina muhuri. Swali langu ni moja tu: huo muhuri ulipopigwa, wewe ulikuwa wapi?

Soma Hesabu 27. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa walifiwa na baba yao, Selofehadi, na hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule, urithi wake ungepotea. Hao dada hawakukaa hemani wakinung'unika. Walienda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na mbele ya viongozi. Walieleza ukweli wa jambo lao, wakatoa sababu, wakasema wanachotaka. Musa akalipeleka jambo lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wamenena haki. Ona vile mambo yalivyokwenda: Mungu alijibu kupitia ofisi, baada ya watu kufika ofisini.

Sasa tuje kwetu Kenya. Katiba ya 2010 iliweka leseni za pombe mikononi mwa kaunti. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile wananchi waliiita sheria ya Mututho. Siku hizi kaunti zina sheria zao, kwa hivyo uliza ya kwenu inasemaje. Lakini ile ya 2010 inaonyesha msingi. Mtu akitaka kufungua baa, ombi lake linaenda kwa kamati. Humo ndani mna afisa wa utawala, afisa wa afya, polisi, na hata wakaazi wa kawaida. Majina ya waombaji yanabandikwa hadharani, na mtu yeyote ana ruhusa ya kupinga kwa maandishi. Tena leseni ni ya miezi 12 tu. Kila mwaka mlango wa hema unafunguliwa upya.

Kamati inapima nini? Haipimi kama umeokoka. Ukiandika, "Sisi ni watu wa Mungu na hatutaki pombe," barua yako itasomwa kwa heshima na kuwekwa kando. Sheria inauliza mambo mengine. Je, baa iko angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi au ya sekondari? Hapo mtaani tayari kuna baa ngapi, na watu ni wangapi? Afisa wa afya anaangalia usafi na choo. Polisi ndio wanaojua mahali panapigwa watu ngeta, na wapi vita haviishi. Kwa ile sheria ya 2010, baa ya kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi na sikukuu, na hufungwa saa tano usiku. Je, inafuatwa? Hayo ndiyo ya kuandika. Chukua futi, pima. Andika tarehe na saa. Na usiongeze chumvi: kama ni mita 340, andika 340. Shahidi wa uongo hawi mtakatifu kwa sababu anapinga pombe.

Jambo lingine, tusemezane ukweli. Kabla hujaandika kuhusu kelele za baa, kumbuka spika zetu za mkesha. Jirani anayeshindwa kulala kwa ajili ya sifa hawezi kutuunga mkono tukilalamikia muziki wa wengine.

Kuna neno pia kwa ndugu zetu mnaovaa sare, polisi na maafisa wa kaunti mnaoketi nasi hapa. Askari walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidhulumu mtu, waridhike na mshahara. Februari 2024, kule Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walikufa baada ya kunywa pombe haramu, na serikali yenyewe ilisema pombe hiyo ilitoka kwa vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa katika kituo cha polisi. Fikiria hilo. Kitu kilichonaswa ili kisiue, kikarudi mtaani na kuua. Ndugu afisa, sahihi yako ni kama mlango. Ukiuza "kitu kidogo" pale, kuna mama atakayelipa kitu kikubwa.

Na wenye nyumba je? Nilisomea biashara, naelewa hesabu: baa hulipa kodi ya nyumba vizuri kuliko duka la unga. Lakini Habakuki 2:15 inatoa ole kwa anayemnywesha jirani yake mpaka alewe. Usitupinge hadharani ukiwa upande wetu kanisani, kisha mwisho wa mwezi upokee kodi ya baa iliyo mita 100 kutoka darasa la mtoto wa jirani. Zungumza na mpangaji wako, mpe notisi ya haki, tafuta mwingine. Hasara itakuwepo, sikudanganyi. Hiyo ndiyo sadaka yenyewe.

Tukishapeleka jambo letu, kamati inaweza kukubali au kukataa. Ikimpa mtu leseni kwa haki, hatuchomi, hatutukani, hatuvunji. Yeremia 29:7 inatuagiza kuutafuta amani wa mji tuliomo na kuuombea. Anayekunywa ndani ya ile baa bado ni mtoto wa mtu, na mlango wetu uwe wazi kwake hata akija akinuka.

Wiki hii fanya mambo matatu. Pita kwa ofisi ya kaunti ndogo au kwa chifu, uulize maombi ya leseni yanabandikwa wapi na kikao ni lini. Zungumza na walimu na wazazi, hata wasio wa kanisa letu, muandike barua moja yenye ukweli. Halafu siku ya kikao, nenda. Wale dada walikuwa watano tu, na walisimama mlangoni.

Tuombe: Bwana, tupe magoti ya kuomba na miguu ya kwenda. Wape maafisa wetu mikono safi. Walinde watoto wetu njiani wakienda shule. Katika jina la Yesu, Amina.