Mstari Ukae Juu, Rangi Ikae Chini

Vijana wetu wenye vibanda vya kuchapisha tisheti na mabango, kuanzia Thika mjini hadi Makongeni, na wenzao wa Ruiru, wana mikono mizuri. Hilo nalitanguliza kabla sijaanza kunung'unika. Mpe mmoja wao kalamu na karatasi akuchoree mama anayechuma kahawa, na utaona hata mkunjo wa leso kiunoni. Kisha anaupiga mchoro picha kwa simu, anauingiza kwenye kompyuta, na hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda mrama.

Siwalaumu kwa uchu wa rangi. Sisi tulicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, mistari myeusi mitupu, na tulishiba. Wao walikutana na Shujaaz, lile jarida la katuni la Sheng lililoanza mwaka 2010 na kutolewa bure pamoja na gazeti, kila ukurasa unang'aa. Mtu aliyezoea pilau usimshangae akiukataa wali mweupe.

Mchezo wenyewe ni ule ule kila mwaka. Kijana anafungua mchoro, anashika kile kindoo cha kumwaga rangi, na anamwaga papo hapo, kwenye leya, yaani tabaka la picha, ile ile yenye mistari. Bofya, leso nyekundu. Bofya, majani kijani. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa, anaihifadhi kwa JPEG juu ya faili ile ile ya mwanzo, anamtumia mteja kwa WhatsApp. Halafu mteja, ambaye ni binadamu kama sisi na hulala na rangi moja akaamka na nyingine, anajibu: leso iwe ya bluu.

Basi kazi ipo. Rangi na mstari vikishakaa leya moja ni kama chumvi iliyoyeyuka mchuzini, huichoti tena. JPEG nayo hupunguza uzito wa picha kwa kutupa baadhi ya yaliyomo, na kandokando ya kila mstari mweusi huacha vumbi la kijivu ambalo jicho halilioni lakini kindoo kinaliona vizuri sana. Ukimwaga bluu inakwama humo, na wekundu unabaki ukichungulia pembeni. Kijana anakesha na kifutio, pikseli kwa pikseli, stima inapotea saa saba usiku, na asubuhi mteja yuko mlangoni.

Wanangu, dawa ya jambo hili ni ya zamani kuliko kompyuta. Tulipochapa fulana kwa skrini, kila rangi ilikuwa na skrini yake, na nyeusi kwa kawaida ilipita mwisho ili ifunike mishono. Aliyetaka bluu badala ya nyekundu alibadilishiwa wino, basi. Huko Marekani, Earl Hurd aliomba hataza mwaka 1914 ya kutengeneza katuni za sinema kwa karatasi angavu, na kazi hiyo ikaja kufanywa hivi: mstari unapigwa wino upande wa mbele, rangi inapakwa mgongoni. Rangi ikipita mpaka kidogo, mstari unaisitiri. Hata Photoshop, iliyoingia sokoni mwaka 1990, ilikaa hadi toleo la tatu, mwaka 1994, ndipo ikapata leya. Kama programu yenyewe ilichelewa kuerevuka, kijana wa Ruiru nimkasirikie nini?

Kwa hiyo skani mchoro badala ya kuupiga picha chini ya taa ya manjano. Weka mstari leya ya juu, uupe ule mtindo wa kuzidisha, ambao weupe wa karatasi unapotea na weusi unabaki. Ufunge usiguswe. Rangi zote ziende chini yake, leso na leya yake, ngozi na yake, majani na yake. Kisha kagua mipaka. Kiwiko kikiwa na mwanya mdogo tu, kindoo kitamwaga kahawia ya ngozi hadi mbinguni, na nimeona mawingu ya namna hiyo. GIMP, tangu toleo la 2.10.10 la mwaka 2019, inaweza kutambua mistari na kuziba nyufa hizo yenyewe. Nayo ni ya bure, kama Krita, kwa hiyo hizi programu za wizi zinazokuja na virusi sijui mnazitafutia nini. Ukisha kuchagua eneo, litanue pikseli mbili tatu ili rangi iingie chini ya mstari. Usipofanya hivyo utaachiwa uzi mweupe kuzunguka kila kitu, na mabango yenye uzi huo nayaona barabarani kila nikipanda matatu.

Faili yenye leya ihifadhiwe kwa umbo lake. JPEG ni ya kumwonyesha mteja tu. Mabadiliko mawili ya kwanza msamehe, la tatu mtoze, na umwambie hivyo siku ya kupokea malipo ya kwanza, mkiwa bado mnapendana.

Limebaki la kijani. Kioo cha simu hutoa rangi kwa mwanga, karatasi kwa wino wa samawati, waridi, njano na mweusi, na ile kijani inayowaka kwenye simu wino huo hauifikii. Mteja akiiona imefifia kwenye kalenda mia tano, atasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na hutakuwa na la kumjibu. Chapa nakala moja kwanza, kwa karatasi ile ile itakayotumika. Toka naye nje ya kibanda, aitazame kwenye jua. Akiridhika, atie sahihi nyuma yake, na nakala hiyo ibaki kwako.